Tuba Iliyokatwa

Fundi Nyundo alipoilaza tuba yake juu ya meza ya karakana na kuanza kuichora mistari kwa chaki, dada yake alikuwa akipita uani na beseni la nguo mbichi. Alisimama. Aliitazama chaki, akautazama msumeno wa chuma uliokuwa pembeni, akalitua beseni.

"Kaka, usiniambie unataka kuikata."

"Naikata."

"Tuba yako? Hiyo hiyo uliyokataa kumwazima hata meneja wa kiwanda siku ya harusi ya mwanawe?"

"Hiyo hiyo. Kwani unaiona nyingine hapa?"

"Haya," dada mtu akasema, akilibeba tena beseni lake. "Wazimu umeshaingia nyumba hii, na najua ni mimi nitakayeambiwa niufagie."

Kijiti, binti wa fundi, alikuwa amesimama mlangoni, roho mkononi. Tuba ilikuwa inakatwa kwa ajili yake, sasa aseme nini?

Na ili ujue wazimu ule ulikuwa wa kiasi gani, lazima kwanza uijue tuba yenyewe. Tuba ni lile baragumu kubwa la shaba la kupakatwa, lenye sauti nzito kuliko yote. Yake ilikuwa ya sauti ya B-flati, nene, ya vali nne za kubonyezwa kwa vidole, ikipigwa ukumbini vikombe vinatetemeka kabatini nyumba ya tatu. Fundi aliipiga kwenye bendi ya kiwanda cha saruji tangu ujana wake. Aliipiga wafanyakazi walipostaafu, walipozikwa, na walipocheza mpira na kufungwa, maana timu ya kiwanda haikuwahi kufanya jambo lingine. Kisha vumbi la saruji likamkalia kifuani, pumzi zikamgomea, akampa bintiye. Binti mwenyewe alikuwa mwembamba hata akaitwa Kijiti. Akikaa nyuma ya ile tuba unaona magoti na paji la uso tu, na watani wa bendi walikuwa wakiulizana ni nani kaiacha tuba inajipiga peke yake. Lakini akivuta pumzi na kuishusha, utani ulikwisha.

Nyumba yao ilikuwa na fahari mbili tu. Tuba ilikuwa moja. Ya pili ilikuwa kinanda cha ukumbi wa kiwanda, kile cha kukanyagia upepo kwa miguu. Paa lilivuja mwaka mmoja, maji yakaingia, kinanda kikafa kabisa, na wenye kiwanda wakasema kitupwe. Fundi Nyundo akakataa. Akakifungua, akazitoa ndimi zake za shaba, vile vibati vinavyotoa sauti, moja moja, akazipiga tupa kwenye ncha mpaka kutu yote ikatoka, akazirudisha. Kikalia! Tena kikalia vizuri, kila sauti imepatana na mwenzake. Kuanzia hapo bendi nzima ililinganisha sauti zake kwa kinanda kile, na kiongozi wa bendi, bwana mmoja waliyemwita Kifimbo, hakuanza mazoezi hata siku moja kabla hakijatoa sauti yake ya do. "Kinanda hakidanganyi," alikuwa akisema, na fundi akiwa karibu alikohoa kidogo ili watu wakumbuke ni kazi ya nani.

Sasa, mambo ya kukata yalianzaje? Yalianza na okestra kuu. Katika okestra violini ziko nyingi, mmoja akiugua hata humkosi sikioni. Tuba ni moja. Kiti ni kimoja, na anayekipata hukikalia mpaka meno yamtoke. Mwenye kiti, mzee mmoja aliyejulikana kwa jina la Babu Besi, alikuwa anakaribia kustaafu, na habari zikafika mpaka kiwandani. Umri wa mwisho wa kuomba ulikuwa miaka thelathini. Kijiti alikuwa ndio anaielekea. Kiti kikijazwa safari hii, basi, atakuja kusikia kimefunguliwa tena akiwa na wajukuu.

Akabeba tuba, akapanda basi, akaenda kumsalimia mzee.

Babu Besi alimpokea kwenye chumba cha mazoezi kisicho na dirisha, akamwambia apige chochote. Kijiti akapiga. Mzee akafumba macho, kisha akayafumbua.

"Sauti unayo, mjukuu wangu. Hiyo hatukufundishi sisi. Ila vuta kidogo mrija wako, umepanda. Humu ndani joto."

Kijiti akauvuta ule mrija mkubwa ambao kila tuba inao kwa ajili ya kushusha au kupandisha sauti. Akauvuta, akauvuta tena, karibu shubiri nzima, mzee akasema hapo hapo. Hakulitia maanani. Joto kweli lilikuwepo, na joto hupandisha sauti ya shaba.

"Tuba yako kuu ni ipi?"

"Hii, Babu. Ya B-flati."

"Na nyingine?"

"Sina. Hata sikujua kuna watu wenye nyingine."

Babu akacheka, lakini si kwa dharau. "Ziko nne. Kuna ya F, ndogo, ya kuimbia juu. Ukipewa wimbo wa peke yako ile inakubeba. Kuna ya E-flati, wanaoandamana barabarani wanaipenda maana haiwamalizi mgongo. Kuna hii yako, mama wa bendi. Pana, nzito, haina haraka, na inaelewana na tarumbeta na tromboni maana ni ukoo mmoja. Mtu wa bendi hana sababu ya kuiacha, na mimi nisingemwambia aiache. Halafu kuna ya C."

"Ya C ina nini?"

"Bomba lake fupi kidogo. Ukiigusa inaitika hapo hapo, haingoji kuulizwa mara mbili. Na sisi hapa tunakaa na violini. Nyimbo wanazozipenda wale, ukizipiga kwa B-flati vidole vinafungana fundo. Kwa C vinalala wazi. Ndiyo maana wengi wetu tunaishika hiyo."

"Si mtu anaweza kujifunza zote?"

"Anaweza. Lakini kuu ni moja tu. Ni kama kitanda chako. Utalala ugenini, utalala safarini, ila usingizi wenyewe uko kwenye kile chako. Tuba ambayo vidole vimeizoea unaipiga bila kufikiri. Hizo nyingine unafikiri kwanza. Na kwenye usaili, binti yangu, hakuna pa kufikiria."

"Kwa hiyo nikija na hii hawanichukui?"

"Sheria hakuna. Ila mkuu wetu masikio yake yamezoea C tangu nilipokaa mbele yake nikiwa na nywele. Wewe njoo na ya C. Kila mtu huja na chombo chake."

Kijiti alirudi nyumbani akamsimulia baba yake kila kitu: vidole, violini, kitanda. La mrija kuvutwa shubiri nzima hakulisimulia. Lingemjiaje kichwani? Ni kama kusimulia kwamba njiani ulifungua dirisha.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Tuba ya C hawakuwa nayo, na hakukuwa na namna ya wao kuipata, hilo halikuhitaji mjadala. Akakaa kimya siku mbili tatu, dada yake akidhani ni kifua. Kumbe mwenzao alikuwa anapiga hesabu za bomba.

"Tofauti ni urefu tu," alimwambia bintiye. "B-flati ndefu, C fupi. Kilicho kirefu si kinapunguzwa?"

"Baba, ikiharibika?"

"Nimefufua kinanda, nitashindwa na bomba?"

Akaikata. Na jamani, hakuikata ovyo. Alikwenda kwa adabu, kama fundi cherehani anayepunguza suti ya mtu mkubwa. Alikata kidogo, akaiunga kwa waya wa lehemu, wakaibeba wote wawili mpaka ukumbini, Kijiti akakanyaga kinanda kitoe do, kisha akapuliza. Bado iko chini. Wakarudi karakana. Akakata tena. Kila vali ina kibomba chake, na kila kibomba kilitaka kupungua kwa kipimo chake, hivyo safari za ukumbini zilikuwa nyingi mpaka mlinzi akawauliza kama wanaihamisha nyumba kwa awamu. Sehemu kubwa aliipunguza kwenye ule mrija wa kuvuta, maana pale bomba limenyooka na halina shida kuliunga.

Siku ilipokaa sawa, ilikaa sawa kweli. Kinanda kilitoa do, tuba ikatoa do, na zile sauti mbili zikawa moja hata usijue ipi ni ipi. Fundi Nyundo akavua kofia.

"Kwenye mrija nimekuachia upana wa vidole viwili vya kuvuta," akasema. "Vinakutosha. Zaidi ya hapo ni uvivu wa masikio."

Kijiti akamkumbatia, akanukia lehemu na jasho, na wote wawili wakacheka kama watoto. Nakwambia, wangekufa saa ile wangekufa wameshiba.

Miezi iliyofuata alivifundisha vidole vyake upya. Ilikuwa adhabu. Mahali alipozoea kubonyeza ya kwanza na ya tatu sasa hakubonyeza kitu. Vidole vilirudi vyenyewe kwenye B-flati kila akipitiwa, kama ng'ombe anayejua zizi lake la zamani. Alivifundisha akipiga, alivifundisha akila, akibonyeza ukingo wa meza mpaka shangazi akamwambia aionee huruma na meza. Bendi walimvumilia. Babu Besi akafariki katikati ya miezi hiyo, usaili ukatangazwa mapema, na Kijiti akalia, kisha akaendelea kubonyeza meza. Mpaka siku ya safari, vidole vilikuwa vimehama kabisa. Tuba yake kuu ilikuwa ya C.

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi mdogo wenye mapazia mazito. Alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Wenzake walitoka mmoja mmoja na tuba zao zinazong'aa, wakamtakia heri, wakaenda zao. Alipoitwa, mle ndani aliwakuta watatu: mkuu wa okestra, mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa mwenyekiti wa usaili, na mpiga piano.

Mama wa miwani akatabasamu. "Babu Besi alikutaja. Alituambia tuisikilize hiyo pumzi. Karibu. Linganisha sauti kwanza."

Mpiga piano akagonga do. Kijiti akapuliza.

Sauti zile hazikukutana. Ya tuba ilikaa juu ya ile ya piano, na hewa katikati ikawa inatetemeka wo-wo-wo. Akavuta mrija kidogo. Bado. Akavuta vidole vyote viwili alivyoachiwa. Bado iko juu. Akavuta kidogo tu zaidi, na mrija ukachomoka ukabaki mkononi mwake.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Pole pole," mama akasema. "Rudishia. Labda ni joto. Anza tu."

Akaanza. Na vidole, vidole vile alivyovihangaikia, havikukosea hata kimoja! Mahali pagumu palipita kama maji. Lakini kila alichopiga kilikuwa juu ya piano, mwanzo hadi mwisho. Alijaribu kuishusha sauti kwa midomo, ikalegea, ikawa inaguna. Akiiacha ipae yenyewe inapendeza, lakini inaipiga piano usoni. Mkuu wa okestra alikunja uso, akaziba sikio moja kwa kidole, kisha akakumbuka adabu akakiondoa. Katikati ya ukurasa wa pili mama akainua mkono.

"Una tuba nyingine?"

"Sina, mama."

"Wa kukuazima?"

Kijiti akageuka kuutazama mlango. Ukumbi wa nje ulikuwa mtupu. "Wameshaondoka."

Mama na mkuu wakanong'onezana. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Binti, pumzi uliyo nayo sijaisikia kwa mwingine leo. Nakwambia kweli. Lakini siwezi kuwapandisha watu themanini wafuate chombo kisichoshuka. Na kiti lazima kijazwe leo."

"Nikiirekebisha? Wiki moja tu, mama."

"Kiti lazima kijazwe leo," mama akarudia, na sauti yake ilionyesha kwamba na yeye ilimuuma.

Aliyekipata alikuwa kijana wa umri wake. Mzima, mashavu kama mkate, hana hata chafya. Atakikalia mpaka wote wawili wazeeke.

Kijiti alipokuwa akiifunga tuba kwenye blanketi, mpiga piano alimfuata pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ilionekana wazi amepiga moyo konde kuyasema.

"Kwenu mnalinganisha sauti kwa chombo gani?"

"Kwa kinanda. Cha upepo."

"Kilishawahi kuharibika?"

"Kilipata kutu. Baba alikitengeneza."

"Alizipiga tupa zile ndimi? Kwenye ncha?"

"Ndiyo. Alitoa kutu yote."

Mpiga piano akatazama viatu vyake. "Ulimi ukiupunguza ncha, unakuwa mwepesi, sauti inapanda. Na kama alizipiga zote sawasawa, kinanda kizima kimepanda pamoja. Huwezi kujua. Hakuna wa kukwambia." Kisha akaongeza, "Lazima ana mkono mzuri sana, baba yako. Kuzipandisha zote kwa kipimo kimoja, si mchezo."

Kwenye basi Kijiti aliipakata tuba na kuegemeza paji la uso kwenye shaba. Aliikumbuka shubiri ile ya Babu Besi. *Humu ndani joto.* Laiti angemwambia baba yake neno hilo moja! Aliwaza bendi nzima, miaka yote ile, tarumbeta na tromboni na ngoma, wote wamepanda pamoja kwa furaha, wakiwazika watu juu kidogo ya pale wanapozika wengine. Akataka kucheka, yakamtoka machozi. Mwanamke aliyekaa jirani akampa kitambaa bila kumuuliza kitu.

Fundi Nyundo alikuwa kituoni, amevaa koti alilopewa alipostaafu. Alipomwona bintiye anashuka na uso ule, tabasamu likamfia mdomoni.

"Vipi?"

"Wamemchukua mwingine, baba."

"Amekuzidi nini?"

Njia nzima alikuwa amelitayarisha jibu la kweli. Lilikuwa fupi. Akamtazama mzee wake, kifua kinavyopanda na kushuka kwa taabu kwa sababu tu ya kusimama, na mikono ile iliyojaa makovu ya lehemu, ikinyooka kupokea tuba.

"Vidole," akasema. "Vilinisaliti. Vilirudi kwenye B-flati katikati."

"Ah!" Fundi akapiga paja. "Si nilikwambia ujifunze pole pole? Kwa hiyo si tuba?"

"Si tuba, baba."

"Walisemaje kuhusu tuba?"

"Walisema aliyeikata ana mkono mzuri sana."

Mzee akavuta pumzi ndefu mpaka akakohoa. Njiani hakumlaumu tena. Alimwambia watu hujaribu mara mbili, mara tatu, na Kijiti akaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, ingawa wote wawili walikijua kiti na idadi yake. Nyumbani shangazi alimpakulia chakula, akamwona anavyokitazama, akakitoa bila kelele.

Jumamosi bendi ikafanya mazoezi. Kijiti alikwenda kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kifimbo alimwambia pole kwa niaba ya wote, kisha akaashiria kinanda kitoe do. Kijiti akapuliza. Na sauti zile zikakutana, zikawa moja, safi, hazitetemeki hata chembe.

"Mnasikia?" Fundi Nyundo akapaza sauti kutoka dirishani alipokuwa amekaa. "Mnasikia kitu hicho? Sasa wale walitaka nini zaidi?"

Watu wakapiga makofi. Kijiti aliendelea kupuliza. Alichokisikia sasa hakuweza kukisahau tena. Wimbo alioupenda tangu utotoni ulikuwa umekaa pasipo pake, na wao wote walikuwa ndani yake wakitabasamu, na tuba ile isingeweza kupigwa mahali pengine popote duniani ila pale.

Mazoezi yalipokwisha baba yake alimsubiri mlangoni, uso umechangamka kuliko ulivyokuwa kwa majuma mengi.

"Sikukwambia habari njema, nilingoja uchungu upungue. Ile shule ya ng'ambo ya reli, wamesikia habari ya kinanda chetu. Chao kimeshika kutu, wanataka nikakifungue. Wana watoto wanaojifunza kuimba, unaona, hawana kitu cha kufuatisha." Akaanza kupapasa mifuko ya koti. "Ile tupa yangu ndogo, umeiona wapi?"

Kijiti alijua ilipo. Ilikuwa kwenye droo ya meza ya karakana, chini ya mabaki ya mabomba ya tuba. Alifungua mdomo. Mzee alikuwa bado anamtazama, macho yanang'aa, anangoja.

"Nitakuletea," akasema.

Akaenda karakana, akaitoa ile tupa, akaifuta vumbi kwa pindo la nguo yake, akarudi akamkabidhi mkononi.